Mtungi Mmoja kwa Kila Nyumba

Zenaida alipewa cheo cha maji akiwa hayupo. Baraza la Santa Inés lilikuwa limekaa tangu asubuhi likitafuta mtu wa kuongoza kamati ya maji, na kila aliyetajwa alisimama akakumbuka ghafla mgongo wake, au mkwewe mgonjwa, au ng'ombe wake aliyekaribia kuzaa. Zenaida alikuwa na mikate tanuruni, akatoka mara moja kwenda kuiangalia isije ikaungua. Aliporudi na unga bado umemganda viwikoni, ukumbi mzima ukampigia makofi.

"Hongera, dada Zenaida," akasema Mzee Abundio, mwenyekiti wa kijiji, huku akijipepea kwa kofia. "Umechaguliwa kwa kauli moja."

"Kauli moja vipi? Mimi mwenyewe sikuwapo."

"Ndiyo maana ikawa moja."

Kwao hakuna kukataa. Cheo hakina mshahara wala ofisi, lakini ukikikwepa utasikia habari zake mpaka unazeeka, na ukifa watazisimulia matangani kwako wakinywa chokoleti ya moto kwa gharama yako. Zenaida akapangusa viwiko, akasema haya, nimekubali, akarudi kwenye mikate yake huku anaogopa.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kiangazi kilichotangulia kisima kilikuwa kimeshuka mpaka pampu ikaanza kuleta tope, na wiki zote za mwisho kabla ya mvua kijiji kilikunywa maji ya lori kutoka mjini, maji yenye ladha ya mpira, tena kwa kugombana. Watu wazima waliobatizwa pamoja walivutana ndoo. Basi mji ukawaletea mhandisi, Bi Maribel, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, akawafundisha Jumapili baada ya Jumapili katika ukumbi wa shule: maji yanakaa wapi chini ya ardhi, yanaingiaje, yanatokaje, na kwa nini wao walikuwa wanayatoa tu bila kuyarudisha. Alipomaliza alimshika Zenaida bega mbele ya watu. "Mimi naondoka. Mwalimu wenu ni huyu."

Na mwalimu akawa kweli, ingawa kwa namna yake ya mwoka mikate. Alikwenda mtaa kwa mtaa, Mtaa wa Juu kisha Mtaa wa Chini, na kikapu mkononi. Alimimina maziwa juu ya sahani tupu, yakatiririka mezani na kuchafua kitambaa cha mwenye nyumba. Kisha akayamimina juu ya mkate, mkate ukayanywa yote. "Ardhi yetu tumeifanya sahani," aliwaambia. "Tuirudishe iwe mkate." Halafu waliula ule mkate, na siku ya kazi ya kijiji walitoka na sururu wakachimba mashimo ya kunyonya mvua katika mashamba yao, wakayajaza mawe na kokoto kama walivyofundishwa. Wakaziba mabomba yanayovuja. Wakakubali kupata maji kwa zamu, siku hizi Mtaa wa Juu, siku zile Mtaa wa Chini, na asiye zamu avumilie. Wanawake wakajifunza kuoshea nyanya kwenye beseni na kuyamwagia maua maji yake. Wanaume wakajifunza kuoga kwa kikombe, na kulalamika juu ya kuoga kwa kikombe, jambo ambalo waliliweza bila mafunzo.

Mwalimu gani hafurahi? Zenaida aliwapenda watu wake kwa hilo. Shida ikawa Kwaresima.

Ijumaa ya nne ya Kwaresima ni siku ya Msamaria, yule mwanamke aliyeombwa maji na Yesu kisimani. Siku hiyo Santa Inés hakuna anayeuza kinywaji. Kila nyumba hupamba mlango kwa matawi na maua, huweka mitungi ya maji matamu, ya ukwaju, ya rozela, ya mchele na mdalasini, ya ndimu na mbegu za chia, na yeyote apitaye hupewa bure, hata akiwa adui, hata akiwa amepita pale sasa hivi na kufuta mdomo kwa mkono. Kutoa kidogo siku hiyo ni aibu. Kukataa kilichotolewa ni matusi. Na mtungi mmoja wa maji matamu hula ndoo ngapi za kisima, ukijumlisha kuosha, kuloweka, kuchemsha na kusuuza, Zenaida alikuwa anajua vizuri sana, kwa kuwa alikuwa ametoka kuwafundisha watu kuhesabu.

Akasimama barazani, akapendekeza mwaka huu, mwaka huu tu, mtungi mmoja kwa kila nyumba.

Watu wote wakageuka. Mstari wa pili alikuwa amekaa mama yake.

Huyu Mama Herculana lazima nimweleze. Maji yake ya chilacayota, lile boga la nyuzi linalopikwa na sukari guru, ganda la nanasi na mdalasini, yalikuwa yanaleta watu kutoka vijiji vya jirani kwa miguu. Tangu aolewe hajawahi kufunga mlango siku ya Msamaria. Mwaka aliofiwa na mume, wakiwa wamemzika Jumanne, Ijumaa alisimama mlangoni na nguo nyeusi akateka maji na kuwapa watu huku machozi yanamtoka, na aliyemwambia apumzike alitazamwa mpaka akajuta. Sasa mwili umepungua, fimbo imeongezeka, lakini ulimi bado ule ule.

"Mtungi mmoja," akasema, pasipo kusimama. "Huo si ndio wa kunawia mikono?"

Watu wakacheka. Zenaida naye akacheka kidogo, kwa woga.

"Mama, kisima kikishuka tena kabla ya mvua, pampu italeta tope. Tutarudi kwenye malori. Haya yote tuliyofanya yatakuwa bure."

"Mimi nilidhani nimezaa mtoto. Kumbe nilizaa bomba lililofungwa!" Hapo hakucheka mtu. "Basi sikiliza. Mlango wangu mimi nitaufunga siku hiyo. Afadhali watu waseme Herculana amekufa kuliko waseme alimpimia mtu maji siku ya Msamaria."

Akaokota fimbo, akatoka. Mzee Abundio alikohoa, akaitisha kura, na mikono yote ikanyooshwa. Sheria ikapita. Zenaida hakuona raha yoyote.

Tangu siku hiyo mama yake akamnunia. Kila asubuhi Zenaida alimpelekea mkate wa moto wenye kiini cha yai, kama alivyozoea, akaupitisha dirishani. Mkono ulitokeza ukauchukua mkate, na sauti ikazungumza na mkate.

"Karibu, mkate. Wewe angalau unajua kwenu."

"Mama, shikamoo. Umeamkaje?"

"Mkate, mwambie aliyekuleta kwamba nimeamka. Kama kuamka nako hakujapigwa kura."

Zenaida alirudi nyumbani kwake, upande wa pili wa kijiji, akakanda unga kwa hasira mpaka meza ikasogea. Wakati mwingine alicheka peke yake, kwa maana mwanamke yule alikuwa anachekesha hata akikuumiza. Lakini jambo halikuwa la kucheka. Mlango ule ukifungwa Ijumaa, kijiji kizima kitajua ni nani aliyeufunga. Mama yake hakuwa na miaka mingi ya Msamaria mbele yake, labda miwili, labda huu tu. Na kulegeza sheria hakuweza. Akimruhusu mama yake mitungi mitatu, jirani atataka mitatu, na zamu zote, na mashimo yote, na kuoga kote kwa kikombe kutakuwa kumekwenda na maji. Alikuwa anampenda mama yake na alikuwa anakipenda kisima, na hakuona njia ya kuvishika vyote viwili.

Tiburcia, jirani yake, alimkuta ameshika tama kando ya tanuru.

"Shoga, mwendee umwombe msamaha."

"Wa kosa gani? Sijakosa."

"Kwani msamaha unaombwa na waliokosa tu? Wewe umeolewa kweli wewe?"

Alikwenda. Dirisha likafungwa, taratibu, na mkono ule ule uliozoea kupokea mkate.

Ijumaa alfajiri Zenaida akapanda kisimani peke yake. Akateremsha kamba yenye jiwe kama alivyofundishwa na Bi Maribel, akaivuta, akatazama mahali palipolowa. Palikuwa pale pale pa Jumatatu. Hata unene wa kidole kisima hakikushuka. Akapima tena kwa kutojiamini, na jibu likawa lile lile. Furaha ikampanda, akalibusu jiwe, kisha akatazama huku na huku asije akawa ameonwa. Wametii! Hawa watu wabishi, waliokuwa wakivutana ndoo mwaka jana, wametii. Alishuka kilima akijisemea moyoni kwamba angalau upande mmoja umepona.

Mlango wa kwanza wa Mtaa wa Juu ulikuwa wa Tiburcia. Ulikuwa umepambwa kwa matawi na maua ya zambarau mpaka kizingiti hakionekani. Mbele yake ilikuwa mitungi mitatu, na nyuma ya mitatu, imefunikwa kwa shuka isionekane, ilikuwa mingine miwili.

Zenaida akasimama.

"Tiburcia. Hii ni nini?"

"Ni maji ya rozela. Hii hapa ya ndimu. Karibu, unywe."

"Ulinyoosha mkono barazani! Nilikuona kwa macho yangu!"

"Nilinyoosha. Kunywa kwanza, usinigombeze na koo kavu."

Kukataa siku hiyo ni matusi. Zenaida akapokea kikombe, akakinywa chote kwa hasira, akakirudisha. "Maji yote haya umeyatoa wapi?"

"Kwangu. Yalikuwa ya zamu yangu." Tiburcia akainua kidevu. "Tangu baraza nimeoga kwa kikombe, halafu kwa nusu kikombe. Mume wangu sasa analala sebuleni. Kila siku nimeweka akiba kidogo kwenye pipa, nimelifunika, maji nimeyachemsha. Si wewe uliyetufundisha? Usiogope, ya nyanya nimemwagia maua."

"Lakini sheria ilikuwa mtungi mmoja."

"Na nikaitafakari sana hiyo sheria. Nikasema, wenzangu wote watatii, maana ni watu wazuri. Kila mlango mtungi mmoja. Wageni watakunywa nini, maskini? Nikaona acha mimi niongeze, kimya kimya, nisikuaibishe."

Mlango wa pili alikuwa Crisóforo, mjane mtaratibu, mtu wa kusali rozari. Mitungi minne ya ukwaju. Alimtekea Zenaida kikombe kabla hajafungua mdomo.

"Binti yangu, najua. Nimekosa. Ila nilifikiri kila mtu atatii."

Mlango wa tatu, vivyo hivyo. Mlango wa nne walikuwa wameazima pipa la kanisa. Kila mahali alifika amekunja uso, akapewa kikombe, akakinywa, akagomba, akapewa cha pili kwa ajili ya kugomba. Kufika katikati ya mtaa hasira zilikuwa zimelowa na tumbo limemwenda mbele. Huwezi kumgombeza vizuri mtu ambaye umetoka kumwambia sukari imekolea.

Tena akaona jambo lingine. Barabarani hakuna mtu. Huku na huku, mlango kwa mlango, watu wamesimama na vikombe vimejaa, nguo za sikukuu, nywele zimepakwa mafuta, wanatabasamu kuelekea barabara tupu. Hakuna anayepita. Kila mmoja alikuwa ameamua kusimama mlangoni kufidia upungufu wa wenzake, kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kunywa. Wageni nao hawakuja. Vijiji vya jirani vilikuwa vimesikia habari ya mtungi mmoja, vikasema wenzetu wa Santa Inés wana shida ya maji, si adabu kwenda kuwamalizia. Mtu pekee aliyekuwa akitembea kijijini Ijumaa ya Msamaria alikuwa Zenaida, na macho yote yalikuwa juu yake na kiu yake.

"Zenaida! Huku!"

"Umekunywa kwa Crisóforo, kwangu unapita?"

Alifika kwa mwenyekiti akijishika kiuno. Mzee Abundio alikuwa amesimama nyuma ya sufuria la harusi, lile la kupikia mchuzi wa watu mia, limejaa maji ya mchele hadi ukingoni.

"Mwenyekiti! Hata wewe? Wewe ndiye uliyeitisha kura!"

Abundio alikuwa na haya ya kutosha kuitazama miguu yake. "Nilijua hawa watatii wote. Nikaona lazima mtu mmoja aivunje sheria kwa ajili ya heshima ya kijiji. Nani kama si kiongozi?"

Hapo Zenaida alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti cha mwenyekiti, na kucheka na tumbo lile kulimuuma. Aliwapenda wote, wajinga hawa, walioiba maji midomoni mwao wenyewe ili wapate cha kumpa mtu. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kisimani usiku. Hakuna aliyegusa siku isiyo yake. Wamejifunza kila kitu alichowafundisha, wakakizidisha.

"Sasa tufanye nini, mwalimu?" akauliza Abundio. "Yakifika jioni yatachacha."

"Zamu," akasema Zenaida.

"Zamu gani tena?"

"Zamu, mzee, kama za bomba! Mtaa wa Juu wasimame milangoni, Mtaa wa Chini watembee wanywe. Kengele ya saa sita ikilia wabadilishane. Na wewe washa kipaza sauti, uwapigie simu majirani wa San Bartolo waje. Waambie tunawasihi."

Abundio akamwangalia kwa heshima kubwa, kisha akakimbilia ofisini jinsi magoti yake yalivyomruhusu. Kipaza sauti cha juu ya paa kikakoroma, kikapiga chafya, sauti yake ikatoka ikitangaza zamu za kunywa. Vicheko vikaanza mlango wa kwanza vikashuka mtaa mzima. Watu wa Mtaa wa Chini wakaacha mitungi yao, wakapanda na watoto na bibi zao, na barabara ikajaa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Abundio aliporudi akamkuta Zenaida bado amekaa.

"Kwa mama yako umefika?"

"Bado."

"Basi nenda," akasema mzee.

Nyumba ya Mama Herculana ilikuwa mwisho kabisa, barabara inapokata kona kabla ya kapela. Kutoka kwa mwenyekiti haionekani. Zenaida alitembea polepole, maji yakimcheza tumboni, na kadiri alivyokaribia kicheko kilimwisha. Alijiambia, mlango ukiwa umefungwa, nitakaa hapo nje mpaka jioni. Sitagonga. Nitakaa tu, wanione.

Ulikuwa wazi. Haukuwa na maua mengi, matawi mawili tu yamefungwa kwa utepe. Palikuwa na meza ndogo, kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa mtungi. Mmoja. Mama yake alikuwa ameketi pembeni amejifunga shali nzuri, fimbo magotini. Wazee wanne au watano wa jirani walikuwa wamesimama mbele yake na nyuso nzito kama watu wa komunyo, kila mmoja ameshika kikombe cha kunywea pombe kali ya meskali, vile vidogo visivyotosha kidole gumba, kina maji ya chilacayota.

Mama Herculana alikuwa anaugawa mtungi mmoja kwa vikombe vya meskali, utoshe kijiji kizima.

Wale wazee walipomwona Zenaida walimaliza vikombe vyao kwa mkupuo, ilikuwa kazi rahisi, wakaaga.

"Mama," akasema Zenaida. Sauti ilimtoka ndogo. "Wenzio wote wameweka mitatu. Wengine minne. Mwenyekiti ameweka sufuria la harusi."

"Naona. Macho hayajafa." Alikuwa anazungumza naye, si na mkate. "Watu wa kijiji hiki hawana adabu. Mwanangu alisema mmoja."

Zenaida akasogea mezani.

"Nilitaka kufunga, usidhani sikutaka. Jana nimeshika komeo hivi." Akaonyesha kwa mkono uliojikunja. "Nikafikiri, nikifunga, watasema Zenaida amemfungia mama yake mlango. Watalisema mpaka nimekufa, na nikishakufa watakuwa bado wanalisema, na wewe utabaki nalo peke yako. Nikaona hapana. Acha waseme Herculana amekuwa bahili uzeeni. Mimi nitalibeba, halina uzito."

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi? Hukukosa. Kisima kikoje?"

"Hakijashuka. Hata kidogo."

"Eeh." Akatikisa kichwa, akaridhika kama fundi. Kisha akajiinua kwa fimbo, akaingia ndani, na ikasikika sahani ikiondolewa juu ya kitu. Alirudi akitembea kwa tahadhari, fimbo ameiacha, mikono yote miwili imeshika bakuli la kibuyu, lile kubwa la karamu, limejaa chilacayota mpaka kwenye midomo, vipande vya nanasi vinaelea.

"Hili nililiteka mtungini kwanza kabla sijafungua mlango," akasema. "Hajaligusa mtu."

Zenaida akalitazama. Alikuwa amejaa mpaka shingoni. Alikuwa na rozela ndani yake, na ukwaju wa Crisóforo, na ndimu, na mchele wa mwenyekiti, na hakuna mahali palipobaki pa kuweka hata tone.

"Mama, nimekunywa kila nyumba..."

"Kila nyumba?" Mama Herculana akakunja uso. "Kabla ya kwangu?"

Zenaida akalipokea kwa mikono miwili. Akanywa, na machozi yakamtoka kwa sababu zaidi ya moja, akashusha pumzi katikati, tumbo likimlilia alionee huruma. Mama yake alikuja karibu, akaweka viganja vyake chini ya bakuli ili lisimwagike.

"Pumua kwanza," akamwambia. "Kisha umalize."

Zenaida akapumua, akamaliza.